Mawe Yetu Yamo Bustanini Mwao

Nyumbani Mpendae, Jumamosi, 16 Agosti.
Asubuhi mawingu mazito, kusi kali, manyunyu mafupi kabla ya chai, kisha jua la kuchoma. Nguo zako zote zimekauka.

Raya mwanangu,

Unanijua, siwezi kushika kalamu bila ya kuweka kwanza siku na hali ya hewa. Ulipokuwa mdogo ukisema mama anaandika shajara kama rubani. Hii si shajara, lakini mkono umeshazoea.

Sitakuandikia ule nini wala urudi nyumbani saa ngapi. Hayo umeshayasikia jikoni, na nusu yake hukuyasikiliza. Nakuandikia jambo moja ambalo ulipaswa kulijua kabla hujatia sahihi mkataba wako wa kazi, nami nikalinyamazia. Jumatatu asubuhi, wakati wewe unaonyeshwa meza yako kule Dar es Salaam, mimi na wanawake wenzangu wa kijijini tutakuwa Vuga, mahakamani, tunafungua kesi dhidi ya kampuni iliyokuajiri.

Nimeliweka juu kabisa ili usije ukasema nimekuzungusha.

Unakumbuka siku uliporudi na kile kitabu chao cha karatasi za kung'aa, walichokupa kwenye usaili? Ulikuwa umekaa hapo kwenye mkeka, mimi nakuna nazi.

"Mama, njoo umwone Bibi Mize. Amekuwa mtu maarufu."

Nikainama kutazama. Shangazi yangu Mize, fulana nyeupe juu ya kanga, reki mkononi, anacheka kwa meno yote aliyokuwa nayo wakati ule. Chini ya picha wameandika: wanajamii wakishirikiana nasi kuondoa taka zilizotelekezwa pwani. Na juu yake kwa herufi kubwa: Uwajibikaji Wetu kwa Jamii.

"Kumbe ndio walewale," nikasema.

"Walewale nani?"

"Wa hoteli ya kule kwetu."

"Siyo, mama. Hawa jina lao jingine kabisa."

"Naona," nikakujibu, na nikarudi kwenye mbuzi, nikakuna mpaka nikajikuna kidole. Ukadhani ndiyo sababu ya machozi. Kampuni ilikuwa imebadili jina kama mtu anavyobadili njia akimwona anayemkwepa, nami nilikuwa nikiitafuta kwa jina la zamani. Wewe ndiye uliyeniletea jina jipya, ndani ya mkoba wako, ukiwa na furaha. Sikukwambia kitu. Nilitaka kwanza kwenda kwa wakili.

Sasa nikupe habari yenyewe, kwa sababu tulipohamia mjini ulikuwa bado hujaanza skuli, na mimi sikuwahi kukuhadithia. Si kwa kusahau. Mtu anayengoja kulipiza hasemi ovyo.

Kule kwetu wanawake wanaishi kwa makumbi. Unachukua makumbi ya nazi, unakwenda nayo pwani maji yakitoka, unachimba shimo kwenye mchanga wa tope, unayafukia, unayafunika kwa mawe ili maji yasiyachukue. Unayaacha miezi mingi yalainike. Ukiyafukua yananuka, harufu ya yai viza, inaingia kwenye kucha na haitoki kwa sabuni yoyote. Unayapiga kwa gongo mpaka usumba, zile nyuzi zake, unatoka safi, kisha unasokota kamba. Mimi nimesomeshwa kidato cha kwanza mpaka cha nne kwa kamba hizo. Mama yangu alikuwa na shimo lake, Bi Mize lake, mimi nikapewa langu ulipozaliwa wewe.

Na kila shimo lina mawe yake. Hayo mawe yamebebwa kichwani na bibi wa bibi zetu kutoka huko nyuma ya kijiji. Hakuna aliyewahi kutia alama juu ya jiwe. Kuweka alama kwetu ni tusi, ni kumwambia jirani kwamba unamdhania mwizi. Mtu anajua jiwe lake kama anavyojua mguu wake, na la mwenzake haligusi hata kama mwenzake ana mwaka hajafika pwani. Tulikuwa tunajivunia jambo hili, mwanangu. Ndilo lililotumaliza.

Hoteli ilipojengwa tulikaa nao vizuri kiasi. Wageni wakapita, wakatupiga picha tukipiga makumbi. Lakini harufu ile ikawa inawafikia wakati wa chakula, na wageni wakalalamika. Hilo nimekuja kulijua baadaye. Kilichotufikia sisi ni barua. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya kijiji, kwa sababu ya hicho kidato changu cha nne. Nikaisoma mkutanoni kwa sauti: kampuni, kwa kuijali jamii inayoizunguka, inaomba ridhaa ya kufanya Siku ya Usafi wa Pwani, kuondoa taka zote zilizoachwa ufukweni. Kutakuwa na fulana na chakula.

"Chakula gani?" akauliza mtu.

"Pilau, imeandikwa."

"Basi tia sahihi, Bi Katibu, usitucheleweshee pilau yetu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikatia sahihi. Hakuna aliyeuliza taka ni nini. Kwetu taka ni chupa, ni viatu vya plastiki vinavyoletwa na maji kutoka huko yanakotoka. Kuuliza kama makumbi ni taka kungekuwa sawa na kuuliza kama unga ni vumbi. Nimeyasoma maneno yale mara nyingi tangu siku ile kichwani mwangu, na kila mara naona kwamba aliyeyaandika alijua anachoandika. Mimi nilisoma Kiswahili. Yeye aliandika sheria.

Siku ikafika, tukavaa fulana, tukaokota machupa huku juu kwenye mchanga mweupe. Meneja akatoa hotuba. Bi Mize akapigwa picha. Tukala. Kesho yake, maji ya bamvu yametoka mbali, watu wamepumzika majumbani, likaingia trekta.

Bi Mize alikwenda siku ya pili yake kufukua makumbi kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Alirudi akapita mlangoni kwangu bila ya kubisha hodi, akakaa chini.

"Pwani imenyolewa," akasema.

Nilidhani anafanya mzaha, kwa kuwa yeye ni mtu wa mzaha. Nikaenda. Mchanga ulikuwa laini kama kitanda kilichotandikwa. Mashimo yote yamechimbuliwa, yetu sote. Makumbi tuliyakuta yamemwagwa kwenye machimbo ya zamani ya mawe, yamechanganyika na vigae na makopo ya rangi, yamekauka kabla ya wakati, hayafai hata kuwashia moto. Na mawe hayakuwapo.

Tukaenda hoteli, Bi Mize mbele. Mlinzi alikuwa kijana wa kijiji cha jirani.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba. Nimefuata mawe yangu."

"Mawe gani, bibi?"

"Hayo." Akanyoosha kidole. Ndani ya geti walikuwa wameotesha maua mekundu, na kuzunguka maua yale, yamepangwa vizuri na kupakwa chokaa, yalikuwa mawe yetu.

"Bibi, hayo ya hoteli."

"Hoteli imezaliwa lini? Lile la pembeni kaliweka bibi yangu. Lina shimo, mimi nikitia kidole utotoni. Nenda katie kidole chako uone kama sisemi kweli."

Kijana wa watu akatazama chini. Akatuitia meneja, Bwana Mbaruku, mtu wa Tanga, mwenye adabu, shati limepigwa pasi. Akatukaribisha kivulini, akatuletea juisi. Na hapo, Raya, ndipo nilipopata somo langu la kwanza la sheria ya makampuni, kabla yako.

"Aliyechukua mawe ni mkandarasi wa usafi," akasema. "Hiyo ni kampuni nyingine."

"Nani alimtuma?"

"Kampuni inayoendesha hoteli. Lakini ardhi imekodiwa na kampuni nyingine tena."

"Wewe ni ipi kati ya hizo?"

"Mimi mwajiriwa tu, Bi Katibu. Na ridhaa mlitoa, umetia sahihi mwenyewe."

Bi Mize akaweka gilasi chini. "Basi nionyeshe hiyo kampuni nizungumze nayo."

"Kampuni haionyeshwi, Bi Mkubwa. Kampuni ni jina."

"Jina limewezaje kubeba mawe?"

Akanisogezea gilasi yangu. Na mimi, msomi wao, nikaichukua. Juisi ile niliinywa yote. Mpaka leo jambo hilo linaniudhi kuliko mengine.

Baba yako alikuwa bado mume wangu. Akasema, "Achana nao, wale wana mawakili, nyinyi mna magongo." Ndiyo maneno yake ya mwisho ya maana kwangu. Sasa yuko Bububu na mkewe, na nasikia bado anashauri watu.

Tukafanya tulichokijua. Tukaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, tukamwomba atusomee Halbadiri. Mwalimu yule alikuwa mzito wa kukubali.

"Halbadiri haichezewi," akasema. "Mnamsomea nani?"

"Kampuni," nikasema.

"Kampuni ana roho?"

"Hana."

"Ana tumbo la kuuma? Ana usingizi wa kukatika? Nitajieni mtu."

Wanawake wakanitazama mimi. Mimi ndiye ninayejua majina kamili, mimi ndiye ninayeandika. Nikalitaja jina la Bwana Mbaruku. Nilikuwa nimeliona kwenye barua, na juisi yake ilikuwa bado inanikereketa kooni. Tukafukiza ubani, akasoma, tukaitikia. Niliitikia kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo katika sala zangu, Mungu anisamehe.

Haukupita muda mrefu gari yake ikapinduka kwenye kona, akavunjika mguu, akaondolewa. Kijijini watu walipeana habari mlango kwa mlango, na mimi nilipika maandazi. Akaja meneja mwingine. Akatuletea tangi la maji lenye jina la kampuni ubavuni, tukapigwa picha tena. Na mlinzi akapewa amri kwamba hairuhusiwi kufukia makumbi mbele ya hoteli, kwa usafi wa mazingira. Mguu ulivunjika, na amri ikabaki imesimama kwa miguu yake yote miwili.

Hapo ndipo nilipokuchukua tukaja mjini, nikapata kazi pale Darajani, dukani, ambapo mpaka leo nauza misumari na kufuli na kamba za nailoni. Kamba za nailoni, mwanangu. Kila ninapompimia mtu nakumbuka.

Na ni hapo dukani Bwana Mbaruku aliponikuta, miaka imepita. Aliingia anachechemea, anataka kufuli. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Bi Katibu. Mlinisomea, eti?"

Sikukana. "Tulikusomea."

"Nilisikia." Akakaa kwenye ndoo ya rangi. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitia aibu zaidi ya hasira. "Mimi niliwaandikia bodi mara mbili kwamba yale mawe yana wenyewe. Nikaambiwa jibu limeshapita, trekta limeshalipwa. Wale watu wa bodi sijawahi kuwaona kwa macho. Nyinyi mlimpiga aliyekuwa karibu."

Nikampa kufuli, nikamsindikiza mpaka barabarani. Sikumwomba radhi, kwa sababu neno lilikuwa dogo na mguu wake ulikuwa hapo unaonekana. Sijui kama ni dua zetu au ni kona mbaya. Lakini tangu siku ile najua jambo moja, nalo nakukabidhi: kisasi kisicho na anwani humwangukia mpita njia. Watu watakwambia usilipize, ni dhambi, inakula moyo. Mimi sikwambii hivyo. Moyo wangu uko salama, umenilea vizuri miaka yote hii. Nakwambia ujue unayempiga anakaa wapi.

Ulipoanza chuo kikuu, ulikuwa ukirudi na madaftari yako unayatupa mezani na kwenda kulala. Mimi nilikuwa nayasoma. Hukujua? Nilisoma moja baada ya moja, na kamusi kando. Jioni moja nikafika pale palipoandikwa kwamba kampuni ni mtu mbele ya sheria, mbali na walioiunda. Inamiliki, inashitaki, inashitakiwa. Na haifi kwa kufa kwa wenye hisa. Nilisimama nikatoka uani. Nilikasirika kwanza, kisha nikafurahi, furaha mbaya ambayo sikutaka uione usoni. Maana mwalimu alitwambia tumtajie mtu, na sisi tukadhani mtu lazima awe na mguu.

Na nikaona kwa nini hawakuwa na haraka nasi. Hawakuhitaji kutushinda. Walikuwa wanatungoja tufe. Bi Kazija alikufa, aliyekuwa na shimo la karibu na mwamba. Bi Mosi akamfuata. Kila anayezikwa anazikwa na ujuzi wa jiwe lipi ni la nani, na wao hawazikwi. Wanabadili jina, wanabadili meneja, wanapaka chokaa upya.

Basi nikafanya kazi yangu ya ukatibu kama nilivyopaswa kuifanya zamani. Tumesajili jumuiya ya wanawake wa makumbi, ina katiba, ina muhuri, ina jina. Akifa Bi Mize, nikifa mimi, yenyewe ipo. Na sisi sasa tunaye mtu asiyezikwa. Aliyekuwa akitungoja tufe naye ana wa kumngoja.

Wakili tuliyempata ni kijana, ofisi yake iko Mji Mkongwe, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba yenye ngazi kama kisima. Bi Mize alipumzika kila kituo. "Sheria wameiweka juu kweli, wanangu," akasema, "mtu anafika hana pumzi ya kudai." Wakili akasikiliza, akapekua, akasema la makumbi yaliyotupwa limeshapitwa na muda. Nikaanza kufunga mkoba wangu. Kisha akasema lakini kuzuiwa kufukia ni kosa linalozaliwa upya kila siku wanapotuzuia. Na mawe yamo bustanini, hayajaenda popote. Na hicho kitabu cha karatasi za kung'aa wamekichapa juzi, wamemwita Bi Mize mwondoa taka, juu ya mali yake mwenyewe, bila ya kumuuliza.

"Na jina walilobadili?" nikauliza.

"Jina ni nguo tu, mama. Kampuni ikivaa nyingine, mwili ni uleule, na mashitaka yanaufuata mwili."

Nililiandika hilo usiku ule.

Wakili akauliza tunataka nini. Akadhani tutasema fidia, na wao pia wanadhani hivyo. Watatuletea tangi jingine, watatuletea vyerehani. Sitaki tangi. Nataka mawe yarudishwe na mikono ya watu wao, moja moja, mpaka kwenye shimo lake, na Bi Mize amekaa kwenye kiti anaonyesha: hilo hapa, hilo kule, hapana, hilo ni la Bi Kazija, rudisha nyuma. Nataka wakurugenzi ambao Bwana Mbaruku hakuwahi kuwaona wasimame na kutamka neno makumbi mbele ya hakimu. Na nataka katika kitabu chao kijacho, karatasi ileile ya kung'aa, ukurasa uleule, waandike kwamba makumbi hayakuwa taka, na waandike majina yetu, mmoja mmoja, waliokufa na walio hai. Nikifikiria yule mpiga chapa anapanga herufi za jina la mama yangu, nalala vizuri.

Hapo ndipo Bi Mize alipolitaja jina lako. Tulikuwa tunashuka ngazi.

"Si Raya anaingia kulekule ndani? Atuchungulie. Atutolee hilo faili."

"Hasha, shangazi."

"Kwa nini? Wao walichukua mawe mchana kweupe."

"Ndiyo maana. Wakishindwa kwa faili la kuibwa, watasema wameibiwa. Watatoka na huzuni, watahurumiwa. Mimi nataka washindwe huku wana kila kitu mkononi, mawakili wao wote wamekaa, na mlango uko wazi."

Bi Mize akasimama kwenye ngazi akanitazama. "Wewe una roho mbaya kuliko mimi."

"Nimeichukua kwako."

Akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi hakikuisha mpaka tulipofika chini. Kumbuka kikohozi hicho, kwa sababu kinaingia katika ninayokwambia sasa.

Wakili alinambia tunaweza kungoja. Alijua habari yako, nilimweleza. Alisema, mwache mtoto amalize muda wake wa majaribio, apate barua ya kuthibitishwa, hapo hawatamfukuza kirahisi; miezi michache tu. Nimelifikiria hilo wiki nzima. Nilikutazama unapiga pasi zile suruali mbili mpya. Nilikusikia kwenye simu unamwambia rafiki yako kwamba utampeleka mama Dar akaone bahari kutoka upande wa pili. Nilikuwa karibu kukubali.

Sitangoja. Nimekuweka wewe na Bi Mize kwenye mizani, na yeye ndiye asiye na muda. Anajua mawe ya watu wote. Akiondoka yeye, yatabaki mawe tu. Ukipoteza kazi hii, utapata nyingine, na utakuwa umeipoteza kwa sababu yangu, na una haki ya kunikasirikia mpaka utakapochoka. Sisemi haya kwa furaha, na sitajifanya kwamba nimelazimishwa. Nimechagua.

Lakini sitakubali wakukute hujui. Mambo ya Jumatatu ni haya. Fika mapema. Kabla hujakaa, mtafute mkuu wako wa kitengo cha sheria, mwambie kwa mdomo wako: mama yangu ni katibu wa jumuiya inayowashitaki leo, nimejua jana, sitaligusa faili hilo wala sitakaa chumba linamozungumzwa. Hati zitawafikia baadaye mchana, au kesho yake. Wakilisikia kwako kwanza, wewe ni mwanasheria. Wakilisikia kwetu kwanza, wewe ni jasusi, na neno hilo halitoki, ni kama harufu ya makumbi kwenye kucha. Hayo yote uliyaandika mwenyewe katika daftari la maadili ya kazi. Mimi nilisoma tu.

Wanaweza kukurudisha jioni ileile. Nitakuwa bandarini, na sitakuuliza kitu. Wanaweza pia wasikufukuze, na hapo uwe macho zaidi. Atakuja mtu mzuri, mwenye sauti laini, atakwambia, mama yako ni mtu mzima, mweleze, tuyamalize kama ndugu. Usinieleze. Mwambie mama yangu ana simu na ana wakili, mpigie yeyote kati yao. Watu hawa hukumbuka undugu siku wanayoshitakiwa.

Na kama watakuacha ufanye kazi, basi ifanye. Sitaki uizembee kwa ajili yangu. Jifunze jinsi wanavyofikiri, si kwa kuniletea mimi, kwa ajili yako. Kuna siku watakupa kitabu kile cha uwajibikaji ukipitie kabla ya kuchapwa. Kila palipoandikwa jamii, uliza: nani? Anaitwa nani? Amekubali nini, kwa maneno gani, na neno hilo kwao lina maana gani? Wao wana kampuni isiyo na uso, na sisi wametupa jamii isiyo na uso, kisha majina hayo mawili yanapeana mikono kwenye picha na Bi Mize anabaki bila ya mawe. Ukiwafanya waandike jina moja la mtu wa kweli, hata moja, utakuwa umewaumiza mahali ambapo mimi sifiki.

Hununa nikikuambia kwamba unafanana na mimi. Safari hii sikuambii.

Barua hii nitaiweka juu ya mkoba wako, uisome kesho na chai, si ndani ya boti, ili ukitaka kubaki uwe bado una nafasi ya kubaki. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kabla ya saa nne, kwa sababu teksi inakuja. Ukisoma ukanyamaza, nitakupeleka bandarini na nitabeba sanduku zito.

Mama yako.

Jumapili, asubuhi. Mawingu tena, kusi imetulia. Niliamka mara mbili kuja kuichana barua hii, na mara zote mbili nikaisoma na kuirudisha juu ya mkoba. Mwishowe nililala saa tisa na robo usiku.